Kisu Kidogo cha Kukunja kwa Sarafu Mbili za Fedha: Anza na Feleji, Sarafu Ije Mwisho

Visu vya sarafu vinavyoharibika mikononi mwa wanaojifunza huharibika kwa namna tatu: bapa hulegalega likiwa wazi, springi hukosa nguvu ya kulituliza bapa likiwa limefungwa, au kila kitu hukwama mara tu ribiti ya mwisho, yaani pini inayogongwa ncha zote mbili ili kubana vipande pamoja, inapogongwa. Hakuna kasoro hata moja kati ya hizo inayotokana na sarafu. Zote huanzia kwenye vipande viwili vya feleji vilivyofichwa katikati, yaani bapa na springi, na huwapata zaidi wale wanaoanza kwa kutoboa sarafu kwa sababu ndiyo sehemu inayopendeza macho. Kwa hiyo mwongozo huu unapanga kazi kinyume na mazoea hayo: sarafu haitaguswa mpaka kisu kiwe kimeshafunguka na kufungika vizuri bila ya sarafu.

Kisu tunachokitengeneza kina bapa moja na springi moja vilivyowekwa katikati ya mabamba mawili membamba ya shaba ya njano, kisha sarafu mbili hufunika mabamba hayo nje. Vipimo vyote vinafuata sarafu yenye kipenyo cha milimita 38. Kama yako ni ndogo zaidi, punguza vipimo kwa uwiano, ingawa sishauri kushuka chini ya milimita 35 kwa kisu cha kwanza.

## Vifaa na zana

Andaa vyote kabla ya kuanza, kwa maana kuna hatua ambazo hazifai kuachwa katikati.

- Sarafu mbili za fedha za aina moja na kipenyo kimoja.
- Kipande cha feleji chenye unene wa milimita 2, cha aina ya kawaida yenye kaboni inayokaribia asilimia 0.8, kikiwa bado laini. Bapa na springi vitoke kwenye kipande hicho hicho.
- Bamba la shaba ya njano lenye unene wa milimita 0.5.
- Waya wa feleji wa milimita 2.5 kwa ajili ya pini ya mhimili, ambayo bapa litaizunguka, na waya wa fedha au wa shaba ya njano wa milimita 2 kwa ajili ya ribiti.
- Msumeno wa sonara, tupa bapa na tupa ndogo za maumbo mbalimbali, jiliwa, sentapanchi, nyundo ndogo yenye uso uliong'arishwa, na kipande cha chuma kizito cha kugongea.
- Drili ya kusimama na biti za milimita 2 na 2.5. Drili ya mkononi hupotosha matundu, na tundu lililopinda haliwezi kurekebishwa.
- Kalipa ya kupimia, kalamu yenye ncha ya chuma, kioo kinene kilicho tambarare, na msasa wa namba 120, 240, 400, 600 na 1000.
- Mwali wa gesi au tanuru dogo, sumaku, chombo cha chuma chenye mafuta ya kula yasiyopungua lita moja, na oveni.
- Gundi ya kukauka haraka, asetoni, epoksi, kadibodi ngumu, jiwe la kunolea.
- Miwani ya usalama, barakoa ya vumbi, glavu za ngozi kwa ajili ya kazi ya moto tu. Usivae glavu unapotumia drili, kwa sababu biti huweza kuidaka glavu na kuuvuta mkono.

## Hatua ya 1: Kuchagua sarafu

Dola ya Marekani ya aina ya Morgan, iliyotolewa kuanzia mwaka 1878 hadi 1904 na tena mwaka 1921, ina kipenyo cha milimita 38.1, uzito wa gramu 26.73 na fedha asilimia 90. Hiyo ndiyo sarafu ambayo vipimo vya mwongozo huu vinaielekea. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye picha ya malkia huyo, ina fedha asilimia 83.3 na uzito unaokaribia gramu 28.07, na kwa kuwa imeendelea kupigwa kwa miaka mingi ikiwa na tarehe ile ile ya 1780, nakala zake za baadaye zinafaa sana kwa kazi hii. Ukitumia sarafu za Uingereza, kumbuka kwamba zilikuwa na fedha asilimia 92.5 hadi mwaka 1919, zikashuka hadi asilimia 50 kuanzia 1920, na kuanzia 1947 sarafu za kawaida za matumizi hazikuwa na fedha tena.

Chagua sarafu iliyochakaa. Sarafu iliyosalia na maandishi yake yote, au yenye mwaka adimu kama Morgan ya 1893 yenye alama ya S, ni ushahidi wa historia, na kuifuta uso mmoja kwa msasa ni hasara isiyorudishika. Mwonyeshe mtu anayezijua sarafu kabla ya kuamua.

Pima uzito na kipenyo, kisha sogeza sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Ikivutwa, sarafu ni bandia. Lakini kutovutwa peke yake hakuthibitishi kitu, hivyo uzito ulingane na ule unaojulikana kwa aina hiyo ya sarafu.

Jambo la sheria pia lishughulikiwe hapa. Kuna nchi zinazokataza kabisa kuharibu sarafu, na kuna nyingine, kama Marekani, ambazo sheria yake hulenga anayeibadilisha kwa nia ya kudanganya. Angalia pia sheria za kubeba kisu cha kukunja mahali unapoishi.

## Hatua ya 2: Mfano wa kadibodi

Chora duara la milimita 38 na ulitazame kama uso wa saa ya ukutani. Weka alama ya mhimili ukielekea namba 12, milimita 14 kutoka katikati. Weka tundu la kwanza la springi karibu na namba 8 na la pili karibu na namba 6, yote mawili milimita 16 kutoka katikati.

Springi hufuata ukingo wa kushoto, kuanzia namba 6 kupitia namba 8, kisha hupanda na kuishia kwa kichwa kipana kinachoingia ndani na kugusa ubavu wa msuka. Msuka ni ile sehemu ya bapa inayozunguka mhimili. Bapa likiwa limefungwa hulala upande wa kulia, makali yakitazama springi, na mgongo wake ukifuata duara la sarafu. Acha sehemu fupi ya mgongo itokeze nje ya ukingo kwa milimita 1 hadi 1.5, ili ukucha upate pa kushika. Kutoka mhimili hadi ncha usizidishe milimita 30, la sivyo ncha itatokeza na kuchana mfuko.

Kata bapa na springi kwa kadibodi, zichomeke kwa pini, kisha zungusha bapa polepole nyuzi 180. Tazama mambo matatu: ncha isiguse sehemu ya springi iliyoko namba 6, makali yasiguse springi popote, na bega la mgongo, yaani ngazi ndogo kati ya mgongo wa bapa na msuka, likae juu ya kichwa cha springi bapa linapofunguka kikamilifu, kwa sababu bega hilo ndilo linalozuia bapa lisipitilize. Kadibodi ikikwama, feleji itakwama. Rudia mpaka mfano ufanye kazi, kwa kuwa kosa la hapa linagharimu karatasi tu.

## Hatua ya 3: Mabamba ya ndani

Kata duara mbili za shaba ya njano, kubwa kidogo kuliko sarafu, kisha ziunganishe kwa gundi ya kukauka haraka. Piga alama za matundu matatu kwa sentapanchi na utoboe mabamba yote mawili kwa pamoja: milimita 2.5 kwa mhimili, milimita 2 kwa mengine. Kutoboa kwa pamoja ndiyo njia pekee ya kuhakikisha pini inasimama wima. Ikilala hata kidogo, bapa litaegemea upande mmoja na kukwaruza bamba.

Yatenganishe kwa asetoni, ukiwa mbali na moto, na uondoe kwa tupa vibanzi vilivyosimama pembeni mwa matundu.

## Hatua ya 4: Kukata bapa na springi

Hamisha umbo kutoka kwenye kadibodi hadi kwenye feleji kwa kuchora kwa kalamu ya chuma. Toboa kwanza, kata baadaye, kwa maana kipande kikubwa hushikika vizuri kwenye jiliwa. Tundu la mhimili kwenye bapa litobolewe sasa, kwani baada ya feleji kukomaa, yaani kufanywa ngumu kwa moto, biti ya kawaida haitaingia. Kwenye springi toboa tundu la namba 6 peke yake. Tundu la namba 8 bado lisitobolewe; sababu yake inafuata katika hatua ya 5.

Mkono wa springi, yaani sehemu iliyo huru kati ya namba 8 na kichwa, uwe na upana wa milimita 2. Ukiuacha mpana zaidi utakuwa mgumu mno, na kucha hazitaweza kulifungua bapa. Ukiupunguza sana, kisu kitafunguka chenyewe mfukoni. Upande wa ndani wa mkono huo uwe laini bila alama za tupa zinazoukata kwa kukingama, kwa sababu springi huvunjikia kwenye alama kama hizo.

Chonga miinamo ya bapa kwa tupa, lakini acha makali yakiwa na unene wa nusu milimita. Makali membamba hujipinda yanapozamishwa kwenye mafuta, na kaboni iliyo juu yake huungua kwa moto. Acha pia milimita 3 karibu na msuka bila makali, na chonga sasa mfuo wa ukucha, yaani mchirizi ubavuni mwa bapa wa kushikia kwa ukucha.

## Hatua ya 5: Msuka na springi kukubaliana

Hii ndiyo hatua inayoamua kisu. Ipe muda mrefu kuliko zote.

Msuka una nyuso tatu ambazo kichwa cha springi hukutana nazo kwa zamu: uso wa mgongo, bapa likiwa wazi, uso wa mwisho, bapa likiwa nusu njia, na uso wa upande wa makali, bapa likiwa limefungwa. Kila uso uwe milimita 3 kutoka katikati ya tundu la mhimili. Zikilingana, springi hukaa mahali pale pale katika hali zote tatu, na mgongo wa kisu hubaki sawa na ukingo wa sarafu.

Pembe zilizo kati ya nyuso hizo zinahitaji uangalifu wa pekee. Ukiziacha kali, kila pembe itakuwa umbali wa takriban milimita 4.2 kutoka mhimili, na springi italazimika kusukumwa zaidi ya milimita 1 kila inapopita, jambo litakaloichosha mpaka ivunjike. Ziviringe mpaka zifike milimita 3.5. Hapo springi husukumwa nusu milimita tu, ambayo inatosha kukupa ule mshituko mdogo bapa linapotulia mahali pake.

Panga vipande kwenye bamba moja ukitumia pini za muda, ambazo ni vipande vya waya vinavyoingia kwa kubana kidogo. Springi ikiwa bado inazunguka kwenye pini ya namba 6, iegemeze kwenye msuka kwa kidole na ulinganishe nyuso moja baada ya nyingine. Uso ukiisukuma springi nje kuliko nyingine, uko mbali mno na mhimili. Upunguze kwa tupa. Uso ukiiacha springi izame ndani, umeshachongwa kupita kiasi, na kwa kuwa chuma hakirudishiwi, dawa ni kuzipunguza zile nyuso mbili nyingine ziufuate. Kwa hiyo chukua mipigo miwili au mitatu ya tupa, kisha jaribu, kisha endelea.

Sasa ni zamu ya tundu la namba 8. Fungua bapa, weka alama kwenye bamba mahali uso wa msuka unapogusa kichwa cha springi, kisha liondoe bapa. Izungushe springi kwenye pini ya namba 6 mpaka kichwa chake kipite alama hiyo kwa nusu milimita kuelekea ndani. Ibane hapo kwa nguvu, halafu toboa tundu la namba 8 ukipitia tundu la bamba. Kuanzia hapo springi daima itataka kwenda ndani kuliko msuka unavyoiruhusu, na nguvu ya kisu hutokana na nusu milimita hiyo. Springi nyingi dhaifu zilitobolewa zikiwa zimegusana tu na msuka, bila msukumo wowote.

Rudisha bapa kwa kuisukuma springi nje taratibu. Feleji ikiwa laini usilifungue na kulifunga zaidi ya mara mbili tatu, kwani springi isiyokomaa huweza kubaki imepinda.

Umefaulu hapa iwapo mwanga hauonekani kati ya uso wa msuka na kichwa cha springi, bapa likiwa wazi na likiwa limefungwa. Mwanga ukionekana upande mmoja, uso umechongwa mshazari, na bapa litalegalega hata ukigonga ribiti kwa nguvu kiasi gani.

## Hatua ya 6: Moto

Feleji hukomazwa kabla ya sarafu kuingia kwa sababu isiyo na mjadala. Joto la kukomaza feleji hii ni takriban nyuzi 800 za Selsiasi, ilhali mchanganyiko wa fedha na shaba huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 779.

Pasha mafuta hadi nyuzi 50 au 60, kwa kuwa mafuta ya vuguvugu huwa mepesi na hupoza haraka kuliko ya baridi. Katika sehemu yenye kivuli, pasha bapa sawasawa mpaka lisivutwe tena na sumaku, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770, kisha liongezee moto kidogo tu. Lizamishe wima, ncha ikitangulia, na ulisogeze mbele na nyuma, kamwe si kulia na kushoto, kwani kulitikisa kwa ubavu hulipinda. Fanya vivyo hivyo kwa springi. Mafuta yanaweza kuwaka: weka mfuniko wa chuma karibu na usitumie maji kuuzima moto huo.

Pitisha tupa kwenye kipande. Ikiteleza bila kung'ata, feleji imekomaa. Sasa ni ngumu lakini hukatika kwa urahisi, kwa hiyo ugumu upunguzwe bila kuchelewa. Bapa liwekwe ndani ya oveni kwenye nyuzi 200 kwa saa moja, lipoe, kisha lirudiwe. Likiwa limesafishwa kabla, litageuka rangi ya njano hafifu. Springi inahitaji joto kubwa zaidi: isafishe ing'ae, kisha ipashe polepole mpaka yote iwe ya buluu, karibu na nyuzi 300. Ikibaki ya njano kama bapa itavunjika siku za mwanzo.

Safisha vipande kwa msasa juu ya kioo. Punguza unene wa msuka uwe chini ya ule wa springi kwa takriban milimita 0.05. Tofauti hiyo ndogo ndiyo nafasi ya bapa kuzunguka, na ikikosekana kisu hukwama ribiti zinapogongwa.

## Hatua ya 7: Sarafu

Amua uso upi wa kila sarafu utabaki. Mimi hupendelea upande wa kichwa nje kwa sarafu moja na upande wa pili kwa nyingine, ili kisu kibebe picha zote mbili. Zungusha sarafu juu ya bamba mpaka matundu yasipite kwenye jicho, mdomo au tarehe. Kwa kawaida kuna mkao mmoja au miwili tu inayofaa.

Funika uso utakaobaki kwa utepe wa gundi. Sugua uso wa ndani kwenye msasa wa namba 120 uliolazwa juu ya kioo, ukizunguka kama mchoro wa namba nane, mpaka kingo na picha zote zitoweke na sarafu ibaki na unene wa milimita 1.5 hivi. Pima pembeni mara nne, kwani vidole huelemea upande mmoja bila mtu kujua. Vaa barakoa, na kusanya unga wa fedha wote, una thamani.

Gundisha bamba kwenye uso huo kwa gundi ya haraka, libane juu ya ubao mgumu, na utoboe sarafu kutokea upande wa bamba. Kamwe usiishike sarafu kwa vidole ukitoboa: biti ikiidaka, inazunguka kama kisu. Upande wa nje panua mdomo wa kila tundu kidogo sana, ili kichwa cha ribiti kipate pa kujaa.

Tenganisha kwa asetoni, safisha, kisha unganisha upya kwa epoksi nyembamba, waya uliopakwa nta ukiwa ndani ya matundu kuzuia epoksi isiyajaze. Nimeacha lehemu kwa makusudi: joto lake hulainisha fedha, na aina nyingine za lehemu zina kadimi, ambayo moshi wake ni sumu.

## Hatua ya 8: Kuunganisha

Ingiza ribiti za namba 6 na 8, kisha mhimili, ukiweka karatasi nyembamba iliyolowa mafuta kila upande wa msuka. Kata waya ukiacha nusu milimita juu ya sarafu. Kwa sasa bapa liwe nusu wazi.

Gonga kwa mapigo mepesi ya kuzunguka, upande huu kisha upande ule, mpaka waya utanuke na kujaza mdomo wa tundu. Kwenye mhimili, simama baada ya mapigo machache na ujaribu bapa. Ribiti isiyokaza inaweza kugongwa tena, lakini iliyokaza kupita kiasi haina budi kutobolewa na kutolewa. Chomoa karatasi vipande vipande, tia tone la mafuta, na ufungue na kufunga.

Ukingo wa nje wa mabamba na springi usawazishwe sasa, bapa likiwa wazi na springi ikiwa imebanwa. Kama ungesawazisha kabla, springi ingebaki ndani au nje ya ukingo. Usiguse meno ya pembeni mwa sarafu zaidi ya inavyolazimu.

Kisu kilichofaulu hufunguka kwa ukucha bila kuumiza, hutulia nusu njia, hakitikisiki kwa ubavu, na ukikitikisa kikiwa kimefungwa bapa halisogei.

## Hatua ya 9: Kunoa na kutunza

Funga sarafu kwa utepe, kisha noa kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Ukitumia mashine, chovya bapa kwenye maji kila mara. Sehemu ikigeuka buluu, ugumu wake umepotea.

Springi hii haifungi bapa kwa kufuli. Kata kwa makali, usichome wala kusukuma kwa ncha, kwa sababu bapa linaweza kukunjika juu ya vidole.

Feleji ya kaboni hushika kutu, kwa hiyo ifute na kuipaka mafuta kila baada ya kuitumia. Fedha hubadilika rangi kwa sababu ya salfa. Usikihifadhi kisu pamoja na vitu vya mpira au vya sufu, na ukikisugua, sugua sehemu zilizoinuka tu, uache weusi ubaki kwenye mifuo ya maandishi ili yaendelee kusomeka.